Venanti Aliposimama Katikati ya Mchezo

Kijiwe chetu kiko pale basi la Kasulu linapopunguza mwendo kabla ya kushika kilima cha kwenda Kibondo mjini. Kuna benchi moja lenye mguu mfupi, gogo moja la mkaratusi, na katikati jiko langu la mkaa na birika. Mwenye birika ni mimi, Winifrida, bibi wa wajukuu tisa, niliyeishia darasa la nne kwa sababu mwalimu alitaka aongee yeye peke yake. Wananiita Redio Mbao na sikatai, maana habari ikiingia kwangu hutoka imenenepa. Kwenye benchi hukaa Stanislaus, tunayemwita Katiba, kwa kuwa tangu Bunge la Katiba lianze Dodoma mwaka huu wa 2014, hata mbuzi akila mihogo ya mtu yeye huuliza ni ibara gani. Kwenye gogo hukaa Hilali wa bodaboda, jina lake la barabarani ni Chapchap. Na Venanti, fundi baiskeli, hukaa chini kwenye tairi lake kuukuu. Huyo hatukumpa jina la utani, kwa kuwa alikuwa haongei. Nasema alikuwa, kwa ajili ya yaliyotokea Ijumaa moja.

Ijumaa hiyo wanafunzi wa sekondari walituchezea mchezo uwanjani kuhusu mama mmoja anayeshitakiwa uchawi. Binti wa jirani yetu Anania, yule Divine, ndiye aliyekuwa mama mwenyewe. Kila akiulizwa, “Ni kweli unaroga?” yeye anajibu, “Mimi nalima maharage.” Mwanzoni tulicheka. Alipojibu hivyo mara ya sita, hakuna aliyecheka. Ndipo yule mwanafunzi aliyekuwa mwenyekiti wa baraza akasimama, akaangalia watu wote, akasema, “Kabla hatujafunga, kuna mwenye la nyongeza?” Kumbe kwenye mchezo hapo panatakiwa pawe kimya, halafu mama anafukuzwa, halafu tunapiga makofi tunakwenda nyumbani. Lakini kwenye nyasi pale mbele, Venanti akanyanyuka, akavua kofia, akasema, “Mimi ninalo.” Akaambiwa akae, akakataa kukaa, akasema kwa machozi kwamba mama huyu hana kosa. Mchezo ukafia hapo.

Basi Jumamosi asubuhi, Venanti hajafika, sisi tukamweka mezani.

Chapchap: Yule mzee alikuwa chakari. Pombe ya ndizi ile.

Mimi: Venanti aliacha pombe tangu alipobatizwa mara ya pili.

Chapchap: Basi ya mara ya kwanza ilikuwa imebaki tumboni.

Katiba: Nyie watoto. Mwezi wa kumi na mbili kuna nini? Uchaguzi wa serikali za vijiji! Anautaka uenyekiti. Mtu anasimama mbele ya watu mia tatu, anavua kofia, anatoa machozi. Hiyo ni kampeni kabla ya muda, na ni kosa.

Mimi: Hamjui kitu. Yule anampenda mama yake Divine. Alisimama ili mwenyewe amwone.

Katiba: Mama yake Divine ana mume, Winifrida.

Mimi: Ndiyo maana alilia.

Nilisema kwa utani tu, nikamwaga kahawa kwenye vikombe huku nacheka. Lakini utani wa kijiweni haukai mahali ulipouweka.

Chapchap: Sikilizeni, mimi niliona kitu. Yule binti hakupepesa macho. Tangu mchezo unaanza mpaka mzee anasimama, hata mara moja. Nilikuwa namhesabia.

Katiba: Kweli?

Chapchap: Haki ya Mungu. Na alikuwa anamtazama nani? Venanti! Sasa jiulizeni wenyewe. Unamvalisha mtoto uchawi wa mchezo, unajuaje kwamba wa kweli haukuingia humo humo? Ukamtoka mtoto, ukamrukia mzee.

Katiba: Hata mimi nilihisi ubaridi shingoni.

Mimi: Ulikuwa umekaa kwenye upepo.

Katiba: Ubaridi wa upepo naujua, Winifrida. Ule ulikuwa na vidole.

Chapchap: Na leo asubuhi pikipiki imegoma kuwaka mara tatu! Mimi naanza kuogopa, jamani. Yule mzee akija hapa simpi mkono.

Kabla hatujamaliza kuogopa, Venanti akatokea. Alikuwa ameoga, amevaa koti alilofungia ndoa, nalo limembana kwenye kwapa. Hakukaa kwenye tairi lake, akabaki wima akitazama barabara ya Kasulu, ile ya vumbi jekundu inayotoka Makere.

Katiba: Mzee mwenzangu, unasafiri?

Venanti: Nasubiri basi. Theodosia anarudi leo.

Chapchap akakiweka kikombe chini polepole kama kimejaa hadi juu, na kilikuwa kitupu.

Kwa asiye wa hapa nieleze. Theodosia ni mjane, jirani yake Venanti, mashamba yao yanagusana. Mwaka 2011 mvua ya mawe ilipiga maharage yetu mchana mmoja, ikayalaza yote. Watu wakachanga, wakawaita kamchape, wale watafuta wachawi wanaokwenda nyumba kwa nyumba na wembe na dawa zao. Kamchape wakasema dawa zao zimewaonyesha Theodosia mchana ule juu ya kilima, anaiita mvua. Kikaitwa kikao. Mwenyekiti wa wakati ule akauliza, “Kabla hatujafunga, kuna mwenye la nyongeza?” Watu wote tulikuwepo. Hakuna aliyekuwa na nyongeza. Usiku haujaingia, nyumba yake ilikuwa imeezuliwa, na mwenyewe yuko barabarani na kikapu kimoja, anakwenda kwa mdogo wake Makere.

Katiba: Venanti, umemwita wewe?

Venanti: Nimempigia simu jana baada ya mchezo. Nilimwambia nimeshasema.

Katiba: Umesema wapi? Kwenye mchezo wa watoto! Ile si kumbukumbu ya kikao. Haina muhtasari, haina mhuri.

Venanti: Swali lilikuwa lile lile, Stanislaus. Maneno yale yale. Miaka mitatu nimelala nayo. Sasa mtu ananiuliza tena, nikae?

Chapchap: Dingi, na atakaa wapi? Nyumba yake ni kuta tupu, mbuzi wanalala mle.

Hapo ndipo Venanti akashusha macho. Akasema alitaka amweke kwake mpaka wapate mabati, lakini mkamwana wake amesema Theodosia akiingia mlango wa mbele, yeye anatoka wa nyuma na watoto wote. Na tena Venanti ni mgane. Mgane kumlaza mjane, kijiji kingesema nini?

Nanyi mnajua ni nani angeanza kukisemesha.

Venanti: Kwa hiyo nimekuja kuwauliza ninyi. Basi linafika saa nne. Sijui nimwelekeze wapi.

Katiba akasema kwake kuna wageni. Nikamuuliza wageni gani, akasema wanakuja. Chapchap akasema yeye amepanga chumba kimoja na godoro lenyewe la futi tatu. Halafu wote wakanitazama mimi, maana nina nyumba ya vyumba vitatu na kuku ndio wanaojaza kimoja. Nikashika upepeo nikapepea mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Chapchap: Bibi, usithubutu. Nakuambia kama mjukuu wako. Akilala kwako, mimi kahawa hii nitainywaje? Nani atainywa? Abiria wataulizana, hii imechemshwa na nani, imekorogwa na nani. Utakaa hapa na birika lako mpaka liote kutu.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kweli. Birika hili ndilo linalonisomeshea wajukuu, na ndilo linaloniletea watu wa kuongea nao. Nikiwa na chumba chenye mgeni na benchi tupu, nitamsengenya nani, na kwa nani?

Ndipo akaja Mwalimu Lusajo, kijana wa Mbeya, aliyepangiwa kwetu mwaka jana. Ndiye aliyeutunga ule mchezo. Alikuwa amekunja uso.

Mwalimu: Shikamoo bibi. Shikamooni wazee. Mzee Venanti, nimekutafuta kwako. Baba yangu, Jumamosi ijayo tunaucheza mjini mbele ya wakubwa wa wilaya. Ni mashindano. Nakuomba, nakupigia magoti, usisimame tena.

Venanti: Utauliza tena lile swali?

Mwalimu: Limo kwenye mchezo.

Venanti: Basi nitasimama tena. Mwalimu, kama hutaki kujibiwa, usiulize.

Mwalimu: Lakini ni uongo, mzee! Nimeutunga mwenyewe, nikiwa kitandani na malaria. Hakuna mama kama yule.

Chapchap: Yupo. Yuko kwenye basi.

Ikabidi aelezwe. Katiba alimweleza kwa ibara, Chapchap kwa mikono. Mwalimu akakaa kwenye gogo, na uso wake ukakunjuka taratibu mpaka akaonekana mtoto kuliko wanafunzi wake.

Mwalimu: Samahani, mimi ni mgeni. Huyo mama alifanya nini?

Katiba: Si umeambiwa? Mvua ya mawe.

Mwalimu: Ilinyesha kwa nani?

Katiba: Kwa wote.

Mwalimu: Na shamba lake?

Venanti: Lake halikubaki hata jani.

Mwalimu: Sasa alifanya nini?

Katiba akafungua mdomo. Ibara haikutoka. Chapchap akatazama pikipiki yake kama inaweza kumsaidia. Mwalimu hakuwa anatushambulia, alikuwa anauliza tu, kama mtu anayeuliza njia. Nami nilikuwa nimeinama jikoni, na nikasikia sauti inajibu, na ilikuwa yangu.

Mimi: Alinikanda mgongo.

Katiba: Nani?

Mimi: Theodosia. Mchana ule wa mvua ya mawe. Mgongo ulinishika shambani, akanibeba mpaka kwangu, akachemsha maji, akanikanda kwa kitambaa. Mawe yalipoanza kupiga bati tulishikana mikono. Alilia maharage yake akiwa kwenye kitanda changu. Hakuwa kilimani, alikuwa chumbani kwangu.

Hata Venanti hakulijua hilo. Yeye alimtetea kwa kumwamini tu, na mimi mwenye ushahidi nilikaa mstari wa pili kikaoni na kitenge kimefunika mdomo.

Chapchap: Bibi... na ulinyamaza?

Mimi: Nilinyamaza. Kamchape walikuwa wanasema wachawi wako wawili. Nilihofu wakijua alikuwa kwangu, wa pili ni mimi. Mdomo huu mnaoujua ninyi, siku ile niliuuma mpaka ukatoa damu.

Katiba akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye siku ile mkono wake ulinyanyuka kidogo, mpaka hapa, usawa wa bega, akajifanya anajikuna sikio. Hakutaja kifungu chochote.

Mimi: Venanti, mwelekeze kwangu. Kuku watahama.

Chapchap: Na kahawa?

Mimi: Nitainywa mwenyewe.

Nilisema kwa ukali, nikaanza kusuuza vikombe. Basi likasikika kabla halijaonekana. Likaja na vumbi lake, likasimama, kondakta akagonga ubavu, akashuka mwanamke mmoja na kikapu. Amepungua, Theodosia. Mabega yameingia ndani. Venanti akamkimbilia na lile koti linalombana, akampokea kikapu. Basi likaondoka, vumbi likatulia, na yeye akabaki anatutazama kutoka ng'ambo ya barabara, kama mtu aliyefika kisimani akakuta mwenye kisima.

Kisha akapiga magoti kidogo, akapiga makofi yale ya salamu yetu, polepole.

Theodosia: Mwakeye.

Mwalimu hata hajui Kiha, lakini ndiye aliyeanza kuitikia. Tukafuata. Katiba akanyanyuka kwenye benchi, akalipangusa kwa kofia yake upande ule wenye mguu mzuri, akahamia kwenye tairi la Venanti. Chapchap akawasha pikipiki. Iliwaka mara moja tu, akaondoka bila kuaga. Yule sijui kama atarudi.

Theodosia akakaa. Nikamimina kahawa kwenye kikombe kimoja cha vile vile tunavyotumia sote, nikampa kwa mikono miwili. Kichwani nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilitaka nimwambie kuhusu mstari wa pili, kuhusu kitenge, kuhusu yule mchawi wa pili. Akanywa funda moja. Akalishikilia mdomoni. Akameza.

Theodosia: Winifrida.

Mimi: Abee.

Theodosia: Bado unaikaanga kahawa mpaka inaungua.

Venanti akacheka. Miaka yote hii sikuwahi kumsikia akicheka, ana kicheko kama mlango usiopakwa mafuta. Nikatafuta la kumjibu Theodosia, mimi Redio Mbao, nikatafuta kote, sikulipata. Akaninyooshea kikombe niongeze.