Mama Phébé Mujinga na Wanawake Wanaotembea kwa Mikono

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Phébé Mujinga anastaafu, baada ya miaka ishirini na minane katika idara yetu ya afya ya jamii, hapa chuoni Kamina. Aliingia akiwa karani wa kupiga chapa. Anatoka akiwa mtafiti msaidizi ambaye maprofesa humwuliza kabla ya kuchapisha chochote.

Ni mtoto wa familia ya reli, aliyekulia kati ya stesheni na kanisa la Wamethodisti, mbali na ziwa lolote. Kwa hiyo mwaka 2016, idara ilipoanza kuchunguza jinsi mazoezi ya mwili na maisha ya ufukoni yanavyogusa afya ya watu wa maziwa, upande wa Kabondo-Dianda, hakuna aliyedhani angejitolea kwenda. Alijitolea. Alipanda treni, kisha pikipiki kwenye barabara ile mbovu, akafika na vumbi hadi kwenye kope.

Alibeba vidude vidogo vya kuhesabu hatua, vya kufungwa kiunoni. Wanawake arobaini walivivaa siku saba. Majibu yalitushangaza: kumi na wawili wa ufukoni walionyesha sifuri karibu asubuhi nzima, na bado shinikizo lao la damu lilikuwa zuri kuliko la wenzao wanaoishi kando ya barabara.

Prof Ézéchias, mkuu wa utafiti, aliona vidude vimeharibika na kutaka kuwaondoa hao kumi na wawili. "Sifuri njo sifuri, Mama," alimwambia. Halikuwa jambo dogo. Shirika moja la misaada lilikuwa likisubiri ripoti yetu ili kukihamishia kijiji chao cha ufukoni barabarani, likiamini kwamba ufuko unawapa watu magonjwa na uvivu tu.

"Basi minyi narudia kule," Mama Phébé akajibu, yaani yeye mwenyewe atarudi ziwani. Akaomba wiki mbili, akaondoka.

Asubuhi ya kwanza alifuatana na mmoja wa wale kumi na wawili, mjane aitwaye Mama Hadassa. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa. Mama Hadassa alikifungua kidude chake kiunoni, akakiacha pakavu, akaingia kwenye mtumbwi.

"Ile kintu inahesabu miguu," akasema akicheka. "Minyi natembeaka na mikono. Ingia!"

Mama Phébé aliingia, akashika ubao kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Alipoyafumbua, nchi kavu haikuonekana tena. Maji na mbingu vilikuwa rangi moja, visiwa vya mafunjo vikielea taratibu kana kwamba navyo vinakwenda sokoni, na sauti pekee ilikuwa ya kasia. Ametusimulia mara nyingi: hofu haikuondoka, ila ilisinzia.

Kwa siku kumi na mbili alihesabu mapigo ya kasia na saa za majini, akiandika daftarini. Siku ya mwisho Mama Hadassa alimwomba aongeze jambo moja. "Tangu bwana alikufa, ku nyumba minyi nalia. Pa mayi moyo inatulia. Andika na ile." Akaandika kwamba majini moyo hutulia, ingawa dodoso halikuwa na nafasi ya jambo hilo. Leo lina ukurasa mzima.

Prof Ézéchias alianza kulisoma daftari lile amesimama, kisha akaketi. Ripoti iliandikwa upya, jina la Mama Phébé likifuata lake. Kijiji hakikuhamishwa. Shirika lilichimba visima na vyoo juu ya mteremko, kwa kuwa Mama Phébé alisisitiza kwamba kipindupindu nacho ni cha kweli.

Tuliobaki Kamina hatukuponyoka. Aliporudi alifuta kikao chetu cha Jumatano mezani. Tangu hapo tunakifanya tukizunguka uwanja wa mpira, na mkuu wa kitivo hupiga kura huku akihema.

Sasa anakwenda Kabongo kwa dada yake. Tulipomwuliza atafanya nini huko, alijibu kwamba atalala hadi jua liwe juu, jambo ambalo kazi yetu haikumruhusu.

Mama Phébé, aksanti sana. Mungu akupe afya, majirani wema na asubuhi ndefu. Ukiamka, tembea polepole, popote moyo unapotaka. Hakuna atakayekuhesabia hatua.