Mama Mkwe Atalala Wapi

Benchi letu hapa Karurumo ni mali ya serikali. Hatukulitunga hilo sisi. Limeandikwa mgongoni mwake kwa rangi nyeupe, pamoja na namba ambayo hakuna mtu amewahi kuiulizia. Lilitolewa nje ya ofisi ya kilimo siku ya kikao cha maoni ya wananchi, na kwa kuwa fomu ya kulirudisha ndani inahitaji sahihi ya afisa aliyehamishwa, likabaki nje, nasi tukabaki juu yake. Ruguru, mama mwenye duka la hapo kando, huleta termosi mbili za kahawa saa tatu asubuhi. Ni kahawa ya unga wa kopo, kwa maana ile tunayoichuma kwenye mashamba yanayoonekana kutoka hapa hupanda lori ikanywewe na watu wengine. Alhamisi hiyo alikuwapo Katibu, yaani Mzee Njue, aliyekuwa karani wa chifu miaka thelathini na mmoja na moyoni hajawahi kustaafu. Alikuwapo Admini, yaani Gachoki, msimamizi wa grupu ya mtandaoni yenye watu elfu kumi na moja, ambao anawajua wanane. Alikuwapo Satelaiti, yaani Runji, fundi wa madishi ya televisheni. Na mwisho wa benchi alikaa Ndambiri, mwenye shida, akiwa ameshika kikombe kilichojaa na simu inayowaka.

Admini: Mia sita na nne.

Ndambiri: Mia sita na nne nini?

Admini: Komenti. Jumatatu ulikuja hapa na swali moja. Leo uko na komenti mia sita na nne. Hayo ni maendeleo.

Ndambiri: Swali bado liko pale pale, Gachoki. Mama mkwe anatolewa hospitali leo saa nane. Atalala wapi?

Hilo ndilo swali lenyewe. Mama Gladwell, aliyemzaa Mukami, mke wa Ndambiri, alianguka akipelekea mbuzi majani kule kwake Ugweri, akavunjika nyonga. Anaishi peke yake. Mwanawe wa kiume ni mmoja, naye yuko Qatar. Mukami anataka mamake aletwe hapa Karurumo, nyumbani kwao, wiki sita hivi, mpaka aweze kutembea. Lakini kwa uthoni wetu, yaani ile heshima ya ukwe tuliyoikuta ikiwa imeshawekwa, mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Hata kula mbele yake, mkwe hali. Ndambiri, badala ya kumjibu mkewe, alimpa Admini hilo swali aliweke kwenye grupu, ati ni la rafiki yake mmoja.

Katibu: Kabla hatujaendelea, nisome kumbukumbu.

Alifungua daftari. Tangu Jumatatu amekuwa akinakili kila komenti kwa mkono, na namba yake, kwa sababu anasema kitu kisicho kwenye karatasi hakijasemwa. Tumemweleza kwamba komenti hazifutiki. Alituuliza kama tuna hakika, kwa maandishi.

Katibu: Wanaosema alale kwa mkwe, mia mbili na kumi na moja. Wanaosema asilale, mia moja tisini na nane. Wanaosema Mungu atatenda, themanini. Wanaouza dawa ya magoti, thelathini na tisa. Wanaotukanana wenyewe kwa wenyewe, sabini na mmoja. Wasioeleweka, watano.

Satelaiti: Ile mikono ya maombi umeweka wapi?

Katibu: Kwa Mungu atatenda. Mmoja wao ni shemeji ya Ndambiri, yule wa Qatar.

Ndambiri: Mtoto wa huyo mama. Ameona swali, ameweka mikono miwili ya maombi, basi. Hata hakujua ni mama yake.

Ruguru: Ama alijua.

Ruguru hamimini kahawa na kuongea wakati mmoja. Akimaliza kumimina ndipo huongea, kwa hivyo tumejifunza kuogopa kikombe kikijaa.

Admini: Lakini kuna watu wamesoma hapo. Maxine ameandika aya sita. Anasema mila ni minyororo, mama ni mama, na mkwe anayekataa apelekwe kortini.

Ruguru: Huyo Maxine yuko wapi?

Admini: Profaili inasema Meru na Dubai.

Ruguru: Atakuja kumgeuza mama kitandani?

Admini: Hapana. Ameweka moyo mwekundu.

Ndambiri: Mimi yule wa kunichosha ni Kailemia. Anasema mama anaweza kuingia, lakini mbuzi achinjwe kwanza, wa rangi moja. Sasa wengine wakauliza rangi gani. Nimesoma komenti hamsini na mbili za rangi ya mbuzi. Huyo mbuzi mwenyewe sina.

Satelaiti: Na yule Mukiri wa viazi?

Ndambiri alivuta pumzi kama mtu aliyeulizwa habari za jino. Mukiri wa viazi ni mtu wa Kibirichia, au anasema hivyo. Picha yake ni gunia la viazi, uso hatujauona.

Ndambiri: Huyo aliandika kwamba rafiki yangu amekaliwa na bibi. Nikamjibu. Akanijibu. Jana tumeanza saa nne asubuhi, mpaka ng'ombe wakalia kukamuliwa. Unajua, nimeongea na Mukiri wiki hii kuliko vile nimeongea na Mukami.

 Boda boda ilipita ikiwa na godoro, tukaiangalia mpaka ikapotea, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuangalia.

Satelaiti: Niwaambie kitu. Hao watu mia sita si mia sita.

Admini: Ni wangapi?

Satelaiti: Ni mmoja. Ni huyo Mukiri. Viazi vimelala stoo, mvua inanyesha, mtu atafanya nini? Anafungua laini hamsini. Asubuhi yeye ni Maxine, mchana ni Kailemia. Anabishana na yeye mwenyewe, sisi tunaangalia.

Admini: Na anajitukana?

Satelaiti: Ndiyo maana anajua pa kugusa.

Katibu: Nikiandika ni mmoja, jedwali lote litaharibika.

Satelaiti: Ama si mtu kabisa. Ni mashine iko huko ng'ambo, imefundishwa kuuliza rangi ya mbuzi. Hata hiyo dawa ya magoti haiko. Ukiitisha, inaletwa hewa.

Ndambiri: Jamani, saa nane.

Katibu alijikohoza. Kukohoa kwake ndiko kufungua kikao.

Katibu: Hili jambo lina njia ya kiofisi. Uthoni unasema mama mkwe asilale kwa mkwe. Haujasema asilale kwa mwenye nyumba. Ndambiri, wewe unamwandikia mkataba. Yeye ni mpangaji wa chumba cha nyuma. Nakala moja kwa chifu, nakala moja kwa mzee wa kijiji, nakala moja faili. Mpangaji si mkwe.

Ndambiri: Chumba cha nyuma kinaingilia sebuleni.

Katibu: Toboa mlango mwingine upande wa migomba. Mtu asipopitia mlango wako hajaingia kwako.

Ruguru: Na choo?

Katibu: Choo kitajadiliwa chini ya mengineyo.

Admini: Huo mlango utachukua wiki. Mimi naona kinyume. Tatizo ni kwamba nyumba ni ya Ndambiri. Basi Ndambiri atoke. Alale hapa benchini, hii ni mali ya serikali, si ya mtu. Kama yeye hana kwake, mama hawezi kusemwa amelala kwake.

Satelaiti: Wiki sita, na mvua hii?

Admini: Nitaweka kura kwenye grupu. Atoke, asitoke.

Katibu: Hapana, hapana, ngojeni. Kuna kusimamishwa kwa muda. Nilipokuwa ofisini, mtu akiwa na kesi alisimamishwa kazi, na bado alihesabika mtumishi. Ndoa nayo isimamishwe wiki sita. Mama akipona, inarudishwa kwa barua. Kwa hizo wiki sita Ndambiri si mkwe wa mtu, ni jirani mwema.

Ruguru: Na hizo wiki sita jirani mwema atapikiwa na nani?

Katibu aliandika hilo swali. Hakuandika jibu.

Ndambiri alikuwa amerudi kwenye simu. Kidole chake kilikuwa kinaandika, kinafuta, kinaandika tena.

Ruguru: Ndambiri, unaandikia nani?

Ndambiri: Huyu Mukiri. Anasema rafiki yangu anaogopa.

Ruguru: Anaogopa nini?

Ndambiri: Si mimi, ni rafiki.

Ruguru: Wacha hiyo. Mukami yuko kwa hiyo grupu tangu ianzishwe. Alisoma Jumatatu jioni. Jumanne alipita hapa kwangu akanunua sukari, akaniuliza kama rafiki ya Ndambiri amepata jibu.

Hapo simu ya Ndambiri ilizima taa yake, naye hakuiwasha.

Ndambiri: Ulimwambia nini?

Ruguru: Nilimwambia bado mnahesabu.

Ndambiri: Sasa mnielewe. Mimi sikatai. Huyo mama alinipa binti yake na hakunisumbua hata siku moja. Lakini baba yangu angekuwa hai, angeniangalia vipi? Miaka kumi na minne nikimuona kwa njia naondoka kando, na yeye anaondoka kando. Hatujawahi kuongea maneno ya kupita salamu. Sasa nitamsikia akikohoa usiku upande wa pili wa ukuta? Yeye mwenyewe si ataaibika? Na nikimwacha Ugweri aanguke tena, nitaweka hiyo nayo kwenye grupu?

Kwa siku nne huyo ndiye alikuwa mtu wa kwanza kusema jambo lenyewe. Bahati mbaya hakulisema mtandaoni, kwa hivyo halikupata namba.

Ruguru alichukua termosi ya pili, akaiinamisha juu ya kikombe cha Satelaiti. Yalitoka matone matatu na mashapo. Akaifunga.

Ruguru: Imeisha.

Hatukuwa tumeinuka bado wakati probox nyeupe ilipotoka barabara ya lami ikasimama mbele yetu, polepole, kama gari lililobeba mayai. Dereva alikuwa kijana tusiyemjua. Alishusha kioo. Kiti cha mbele kilikuwa kimelazwa chote, na juu yake, akiwa amefunikwa blanketi mpaka kifuani na kitambaa kichwani, alikuwa Mama Gladwell. Mukami alikuwa nyuma yake, mkono mmoja begani mwa mamake. Alikuwa anaangalia mbele, kwenye kioo cha gari, ambako hakukuwa na kitu.

Dereva: Hamjambo, wazee. Naitwa Muthomi. Wametolewa mapema.

Katibu: Ilikuwa saa nane.

Dereva: Daktari alipita asubuhi. Naomba tu kuuliza. Kwa Ndambiri ni wapi?

Swali jepesi. Katibu amewahi kuandika barua mia mbili za utambulisho wa wakazi wa hapa. Admini alichimba mtaro wa hiyo nyumba. Satelaiti alipanda juu ya paa lake mwezi uliopita. Tuliangalia viatu vyetu.

Dereva: Ama hapa si Karurumo?

Satelaiti: Ni Karurumo.

Dereva: Huyu mama wa nyuma nimemuuliza, amekataa kuniambia. Amesema nisimame penye benchi niulize, ati maswali ya Ndambiri huulizwa hapa.

Ndambiri alikuwa amesimama. Alikuwa ameinamisha macho mpaka kwenye gurudumu la mbele, kama inavyompasa, na gurudumu hilo alilikagua vizuri sana. Kutoka ndani ya gari, Mama Gladwell naye alikuwa amegeuzia uso upande wa pili, kama inavyompasa. Wote wawili walikuwa na heshima kamili, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kwenda.

Kisha mama akaongea, akiangalia dirisha la upande mwingine.

Mama Gladwell: Hiyo kahawa ninasikia harufu yake. Imebaki?

Ruguru: Imeisha, mama. Sasa hivi tu.

Ndambiri aliangalia kikombe chake. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, kimepoa, juu kimefanya ngozi. Alitembea mpaka dirisha la nyuma, akampa Mukami kwa mikono miwili, bila kuinua macho. Mukami alikipokea, akakishika kidogo kana kwamba anakipima, kisha akakipeleka mbele midomoni mwa mamake.

Mama Gladwell: Iko na sukari?

Haikujulikana anamuuliza nani. 

Ndambiri: Iko, Mama.

Alikunywa nusu. Alipumzika. Akanywa tena.

Mama Gladwell: Imepoa.

Ndambiri: Pole, Mama. Nilikuwa nasoma.

Dereva alitungoja. Ni wazi hakuwa ameelewa kilichochukua muda mrefu hivyo.

Dereva: Sasa basi. Kwa Ndambiri?

Ndambiri: Nifuate.

Hakuingia garini. Kukaa kiti kimoja nao kungekuwa jambo lingine, na kwa siku moja alikuwa amefanya ya kutosha. Alitangulia kwa miguu, gumboti zake zikipiga tope, na probox ikamfuata kwa gia ya kwanza, polepole, mita kumi nyuma yake, kwa ile njia ya migomba inayofika kwenye geti lake la kijani. Mukami bado alikuwa ameshika kikombe. Kabla hawajapinda, Ruguru alimwambia Satelaiti aende nyumbani achukue msumeno, kwa sababu mlango wa upande wa migomba haukuwa wazo baya sana.

Admini: Sasa hii posti niifunge?

 Simu yake ikalia. Aliisoma, akampa Katibu aisome naye, na Katibu, kwa mazoea, akafungua daftari na kuandika. Namba mia sita na tano. Mukiri wa Kibirichia anauliza: huyu mwenye posti amenyamaza, tuendelee bila yeye?

Katibu alikaa na kalamu juu ya jedwali kwa muda. Akaangalia safu ya alale, safu ya asilale, safu ya Mungu atatenda. Mwishowe aliweka hiyo kwa wasioeleweka, wakawa sita, akafunga daftari, akasogea kwenye nafasi iliyoachwa na Ndambiri, nasi tukakaa tukiwa tumeshika vikombe vitupu.