Jina la Raheli katika Kitabu cha Ziwa: Historia ya Marehemu Mzee Melkiori Hosea Ntandu

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji poleni kwa msiba. Mimi ni Emilian, mdogo wake Raheli, mjane wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii ikijua kabisa kwamba mimi na marehemu tulikuwa mashemeji, na mashemeji wa huku hawaachi kutaniana hata mmoja wao akiwa amelala kwenye jeneza, kwa hiyo atakayetaka kucheka asijifiche nyuma ya kanga.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1954 hapahapa Mukenda, hatua chache kutoka ziwani, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Hosea Ntandu na marehemu Mama Dorika, akabatizwa mwaka huohuo, na mama yake alipenda kusimulia kwamba mwanawe huyu alijua kuogelea kabla hajajua kuvaa suruali.

Alianza darasa la kwanza Januari 1963 na kumaliza la saba mwaka 1969, akiongoza katika hesabu na kushika mkia katika kuimba, udhaifu aliobaki nao hadi kwaya ya wazee ilipomwomba kwa upole akae na waumini wengine.

Mwezi Machi 1973 aliajiriwa idara ya maji akiwa mpimaji wa mvua na vina vya mito, akafanya kazi Singida mjini, Mkiwa na Shelui, hadi alipostaafu kwa heshima Juni 2014, na katika miaka hiyo yote hakuna mvua iliyonyesha bila yeye kuiandika, ingawa tarehe ya ndoa yake alikumbushwa kila mwaka.

Ndoa yenyewe ilifungwa tarehe 25 Agosti 1979, Mungu akawajalia watoto wanne, Eliza, Jesca, Damiani na Christopher, na wajukuu tisa, ambao wote amewafundisha kupima mvua kwa kopo, wapende wasipende.

Sasa nifike kwenye ziwa, maana nikiliruka atafufuka anisahihishe. Mwaka 2015, maji yetu yalipokuwa yakigeuka kijani kila masika na kuteleza mkononi kama mlenda, samaki wakielea matumbo juu, wanakijiji walianzisha jumuiya ya watumia maji na kumchagua marehemu kuwa mwenyekiti, naye akatunga sheria kwamba atakayefua kwa sabuni karibu na ziwa ataandikwa kitabuni na kupanda mashina ishirini ya matete ufukweni, na mtu wa kwanza kuandikwa, tarehe 9 Februari 2016, kwa mwandiko wake mwenyewe, alikuwa mke wake. Dada yangu aliyapanda matete yake yote ishirini mbele ya mashoga zake, kisha akamwambia mumewe kwamba maji hayakuharibiwa na kanga zake mbili, na kwamba jina lake litoke katika kitabu kile, naye marehemu akajibu kwamba kitabu cha sheria hakifutwi kwa maneno, atalifuta siku atakapoweza kulisoma kupitia glasi ya maji ya ziwa. Tangu siku ile dada yangu alimwekea mumewe ugali mezani na kwenda kula wa kwake jikoni, na mimi nilikuwa mgeni pale, najua ninachosema.

Matete yaliota, wafuaji walihama, na masika iliyofuata ziwa likawa kijani kuliko mwanzo. Ndipo Januari 2018, baada ya mvua kubwa, marehemu alipobeba chupa zake na kuufuata mto unaoingia ziwani kwa miguu kwenda juu, siku mbili, hadi kijiji cha Ighuka, akakuta mashamba ya vitunguu yamelimwa mpaka ukingoni, na mbolea ya kukuzia imemwagwa kwa wingi siku moja kabla ya mvua, wakulima wakimweleza bila kuficha kwamba wanunuzi wa malori pale Mkiwa wanataka kitunguu kikubwa na kidogo wanakiacha chini. Alirudi amevimba miguu, akaitisha mkutano, akasema mbele ya watu wote kwamba kwa miaka miwili alikuwa amemshika mtu asiye mwizi, na mwanamume wa rika lake kutamka hivyo hadharani mbele ya mkewe si jambo tulilolizoea huku kwetu.

Lakini sheria yetu iliishia kwenye daraja la mto, mpakani mwa kijiji chetu, na watu wa juu ya mto walijibu, tena kwa haki yao, kwamba wao hawanywi maji ya ziwa letu. Bahati ikaja Julai 2019, Damiani alipompenda Theodora, binti wa Mzee Leonidas wa Ighuka, nami mjomba nikatumwa kuwa mshenga, na badala ya kunituma nipunguze ng'ombe, marehemu aliniagiza niongeze mtamba mmoja juu ya mahari waliyotaja, kwa sharti kwamba ukoo wa Leonidas uache hatua kumi kila upande wa mto bila jembe wala mbolea. Wazee wa Ighuka walinitazama kama mtu aliyekunywa, wakaenda pembeni, wakacheka, wakarudi wamekubali, na kwa kuwa mkwe hamchafulii mkwe maji, majirani wao wakafuata mmoja mmoja. Mwaka 2021 marehemu na wazee wa Ighuka walikwenda pamoja Mkiwa kuzungumza na wanunuzi, ambao walikiri kwamba kitunguu kilichojazwa mbolea kinawaozea njiani, wakaanza kuchukua hata kidogo, na Septemba 2022 ofisi ya serikali ya bonde la maji ikapitisha mpaka mpya wa jumuiya, kutoka chemchemi hadi ziwani, Mzee Leonidas akiwa makamu mwenyekiti. Ziwa halijapona lote, ghuba ya mashariki bado inanuka, ila perege wamerudi.

Marehemu alianza kuugua figo Novemba 2023, akatibiwa hospitalini Singida na Dodoma, akarudi nyumbani Machi mwaka huu wa 2025. Jumapili tarehe 4 Mei dada yangu alichota glasi ya maji ziwani, akaweka kitabu nyuma ya glasi, na marehemu akasoma kwa sauti, Raheli Melkiori, amefua ziwani, matete ishirini, akacheka mpaka akakohoa, akaomba kalamu, akalikata jina lile kwa mstari mmoja ulionyooka, na chini yake akaandika, Melkiori Hosea, amemwadhibu asiye na kosa, matete ishirini. Alifariki Alhamisi tarehe 8 Mei, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani kwa kuni, maji na usiku wa kukesha, watumishi wenzake wa idara ya maji, na wakwe zetu wa Ighuka, waliochimba kaburi hili na kuja na mashina ishirini ya matete, ambayo tukitoka hapa tutashuka wote kuyapanda, dada yangu akitangulia.

Pumzika kwa amani, shemeji, adhabu yako tunaitumikia sisi.