Kisanduku Kisichokubali Kuachwa Tupu

Mgeni rasmi, mganga mkuu wetu, wauguzi, na ninyi wagonjwa mlioomba kuketi karibu na dirisha, karibuni chumba namba tisa. Viti vinne tumeviazima jikoni, kwa hiyo aliyekalia cha plastiki asiegemee sana.

TULIKOTOKA

Tulianza na madaftari mawili na kabati lisilofunga. Kazi yetu ni kumwandika kila mgonjwa wa saratani: umri, anakotoka, uvimbe uko wapi na ni wa aina gani. Kisha kila mwaka tunampigia simu kujua kama yuko hai. Simu ikipokelewa na sauti tusiyoifahamu tunasalimia kwanza, ingawa jibu tumeshalijua.

TUNALOJIVUNIA

Miaka saba hatujaruka jina hata moja. Tumeona saratani ya matiti ikiongezeka, tena ikiwapata wenye umri mdogo kuliko zamani. Taarifa uliyoishika, mgeni rasmi, inasema pia kwamba tisa kati ya kumi wana aina inayosikia vidonge vya homoni, na kwamba ile aina kali, inayotaka dawa ya dripu, ni nadra. Ukurasa huo una mchoro mzuri wa rangi. Tunaomba uufungue.

Si kweli.

KILICHOTUSHINDA

Vipimo vya kutambua aina ya uvimbe hupelekwa mbali, majibu huchukua miezi mitano, na mengine hayarudi kabisa. Kompyuta nayo ina kisanduku cha aina, na kikiwa kitupu haikubali kuhifadhi. Mwenzetu tunayemwita Dada Nukta, kwa kuwa hata orodha ya sokoni huitilia nukta, ndiye aliyepata njia. "Bonyezeni jibu la kwanza kazi isilale," alituambia. "Majibu yakija tutarekebisha." Jibu la kwanza ni aina ya homoni. Tukabonyeza, sote watano. Marekebisho tukayaahirisha. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, ila safari hii tuliongoja ni sisi na walioumia ni wengine.

Kwa hesabu yetu hiyo, bohari ya dawa ikajazwa vidonge, na dripu zikaagizwa za wagonjwa wachache.

Mwezi wa nne Dada Nukta alipapasa uvimbe titini akiwa anaoga. Alitutania kwamba sasa atajiandika mwenyewe bila kupanga foleni. Kwake yeye, kwa mara ya kwanza, hatukubonyeza. Kadi yake ilikaa mezani miezi mitano. Jibu liliporudi alikataa tumwandikie. Alivuta kiti, akashuka kwenye orodha mpaka jibu la mwisho, aina kali, akabonyeza. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyewafundisha."

Sasa yuko wodi ya nne, wa kumi na tisa kwenye foleni, na dripu zilizobaki boharini ni za wagonjwa wanane.

Baada ya hapo tulifungua mafaili yote. Katika wale ambao majibu yao yalirudi, wanne kati ya kumi wana aina kali, na nusu ya hao hawakumaliza miaka miwili. Wengi wao mchoro ule unawahesabu kwenye rangi isiyo yao. Tunaona aibu kubwa, na tunaisema mbele yako.

TUNALOOMBA

Tunajua umekuja kusaini oda ya dawa ya mwaka mzima, na kalamu imeshawekwa mezani. Tunakuomba usisaini leo. Tupe wiki mbili tuhesabu upya. Majibu halisi tuliyonayo tumeyaambatanisha hapa. Kama kuna adhabu ni yetu, tutaipokea. Isiwafuate walio wodini.

Risala hii ilikuwa aisome Dada Nukta. Asubuhi tulipopita kumwona tulimwambia tutakuomba umsogeze mbele kwenye foleni. Alikasirika. "Mkinisogeza mimi mtakuwa mmebonyeza tena," alisema. "Mwambieni aagize dripu za wote."

Mwenyezi Mungu akulinde, mgeni rasmi, wewe na wa nyumbani kwako, na kila utakapowapigia simu, ipokelewe na sauti unayoifahamu.

Ni sisi makarani wa kumbukumbu za saratani, chumba namba tisa: wanne tuliosimama hapa, na wa tano aliye wodi ya nne.