Walioitika Badala ya Kinyozi

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, ubavuni mwa duka la kinyozi. Mimi ndiye ninayeuza kahawa hapa, kwa hiyo uongo wote wa mtaa huu hunipitia ukiwa bado wa moto. Wateja wangu wa kudumu ni Kinyozi mwenyewe, Msumari ambaye ni seremala, Spika ambaye ni fundi cherehani asiyejua kunong'ona, na Dereva, mstaafu anayefungua mdomo akitaka kuongezewa kahawa tu. Ujanani walikuwa makuruta wa jeshi pamoja, na visa vyao vya depo, kambi ya mafunzo, nimevisikia hadi masikio yamechoka. Leo alasiri alikuja binti wa afande aliyewafunza huko, mama wa makamo mwenye kikapu cha chakula cha hospitali. Alisema baba yake amelazwa, hali si nzuri, na anawaulizia vijana wake. Wote wakainuka, isipokuwa Kinyozi. Yeye aliendelea kupangusa mashine yake.

SPIKA: Funga duka twende, bwana.

KINYOZI: Nendeni. Mimi na yeye tulishamalizana zamani.

BINTI: Mlimalizana lini, baba mdogo?

KINYOZI: Siku mama yangu alipofariki. Nilimwomba ruhusa nikamzike. Akanijibu mbele ya kikosi kizima: kuruta hana ruhusa, rudi mstarini. Nikapita chini ya seng'enge, nikaenda hivyo hivyo. Lakini lile jibu bado ninalo hapa kifuani.

Kisa hiki kilikuwa kipya kwangu. Siku ile haitajwi mbele yake.

MSUMARI: Na uliporudi hukuguswa. Kwa sababu ya nani? Jioni majina yalipoitwa, mimi ndiye niliyeitika badala yako.

SPIKA: Acha zako. Niliitika mimi. Nilibana pua, ikatoka sauti ya Kinyozi mtupu.

MSUMARI: Wewe ukibana pua unatoa honi ya lori. Mimi niliongelea ndani ya kola, sauti ikazunguka, ikatokea pale pale anaposimama yeye.

SPIKA: Sauti ikazunguka, imekuwa kuku? Mimi hata mate niliyameza kama anavyomeza yeye. Kunguni wa kitandani kwake wangeapa kuwa yupo.

MSUMARI: Na kivuli je? Mimi nilitanua miguu na mikono hivi, kivuli kikawa cha watu wawili.

DEREVA: Niliitika mimi.

Tukamgeukia wote. Kikombe chake kilikuwa kimejaa.

SPIKA: Na wewe tena?

DEREVA: Nilikuwa mstari wa nyuma. Sikujua kama kuna mwingine atakayeitika. Niliona mtu ametoka kumzika mama yake, halafu arudi kuviringishwa kwenye matope. Roho ikakataa.

Kinyozi aliiweka mashine chini. Akawatazama mmoja mmoja, kama anayewaona kwa mara ya kwanza.

BINTI: Baba alikuwa anasikia vizuri enzi hizo?

SPIKA: Yule? Hata bila kugeuka alikuwa anajua nani amekohoa. Ukipiga chafya huko nyuma, unaruka kichurachura uwanja mzima.

BINTI: Sasa jina moja likaitikiwa na watu watatu. Yeye akasema nini?

Msumari akaanza kuukagua ubao wa benchi. Dereva ndiye aliyejibu.

DEREVA: Alisema, "Yupo." Akaita jina linalofuata.

BINTI: Na miaka yote hii mlidhani hakusikia?

Spika alifungua mdomo akaufunga, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mimi si mtu wa machozi, lakini niliinama nikajifanya napuliza mkaa. Kinyozi aliingia dukani, nasi tukadhani amejifungia. Akatoka na chanuo, mashine na kitambaa cheupe kilichokunjwa.

KINYOZI: Bado ana nywele?

BINTI: Chache, pembeni.

KINYOZI: Hospitalini hawamnyoi mtu vizuri. Tangulia, mwanangu.

Mlango aliuacha wazi, nikaurudisha mimi. Walikuwa wameshafika kwenye kona aliposimama akawageukia wenzake.

KINYOZI: Tukifika wodini akiita jina langu, asiitike mtu. Nitaitika mwenyewe.