Mwalimu Kibona na Kosta ya Tatu

Na Brenda Sichone, Idara ya Kompyuta

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi chuoni kwetu hapa Tunduma, Mwalimu Rabson Kibona amestaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alianza na chaki, akifundisha hesabu. Kompyuta zilipofika akahamia kwenye programu na koti lake lile lile. Walimu wote watatu wa idara hii tulipita mikononi mwake, na kwa hilo tunamwomba radhi.

Somo alilolipenda ni fanksheni za hesabu ambazo lugha ya programu huja nazo tayari. Mwenzetu Watson aliwahi kuandika mistari arobaini ya kutafuta kipeuo cha pili, akajipongeza kwa soda. Mwalimu aliifuta yote, akaandika sqrt, akasema mwenye jembe mlangoni hana haja ya kufua chuma. Kisha akamnunulia soda nyingine ya kumpoza.

Mngedhani tulielimika. Kwa sherehe ya kumuaga, Jumamosi ya tarehe 28, tuliandika programu ya kupanga usafiri wa ndugu zake kutoka Ileje. Ndugu walikuwa sitini na wanne, na kosta moja hubeba thelathini. Tukagawanya, tukatumia round, ambayo hukadiria hadi namba kamili iliyo karibu, nayo ikajibu mbili. Ilitakiwa ceil, inayopandisha hata kikibaki kipande kidogo, maana binadamu hakadiriwi. Sisi tukapeana mikono.

Majina yalifuata alfabeti, hivyo waliobaki barabarani Ileje walikuwa wanne wa mwisho, akiwemo Bibi Tumpale, mama mzazi wa Mwalimu, ndani ya kitenge chake kipya. Simu ilipoingia, Mwalimu alikuwa meza kuu, maua shingoni. Hakugomba. Aliomba funguo za gari la chuo, akaenda yeye mwenyewe kumfuata mama yake na wale watatu, na sherehe ikasimama hadi saa kumi. Kwa aibu, hata pilau lilitushinda.

Bibi aliposhuka alitutazama mmoja mmoja, akamuuliza mwanawe kwa Kindali kama hawa ndio wanafunzi anaowasifia kila akienda nyumbani. Mwalimu akajibu kwa Kiswahili, ili sote tusikie, kwamba ndio hao hao, na hata leo yeye hawakatai. Watson alilia, nasi tukamsaidia.

Asante, Mwalimu, kwa kutokutukataa. Tunakuombea afya njema, kahawa inayozaa vizuri na asubuhi zisizo na kengele. Na tukikupigia simu, tafadhali pokea.