Romarini ya Bulaimu

Siku ile tulikuwa tunavuka Lualaba, kutoka Alunguli kwenda Kindu, na katika mtumbwi nilikaa kati ya wamama wawili wasiojuana. Wa kulia, mama wa duka kutoka Butembo, alipakata mche wa romarini na mizizi yake, umefungwa kwa kipande cha kikwembe, kitenge cha chama tawala.

"Inanukia, mama," akasema wa kushoto, aliyejitanda mtandio.

"Njo dawa hii. Nilichuma matawi, nikamufukiza mutoto wangu siku tatu, kikohozi kikapungua. Leo nimeng'oa yote, nikapande nyumbani."

"Umeng'oa wapi?"

"Kule Alunguli, juu ya tuta la udongo. Haina mwenyewe."

Mwenye mtandio aliruka hata mtumbwi ukayumba. "Tuta? Ile njo kaburi ya Bulaimu, bwana yangu! Jani likiwa bichi pale juu, linamuombea. Kumbe umemufukiza mutoto na bwana yangu?"

Wa Butembo akaachama mdomo. Mimi pia, na uzee wangu. Wa Butembo akasema polepole, "Lakini mutoto alipata nafuu, mama."

"Bulaimu? Alipokuwa hai hakuponya hata kuku! Rudisha."

"Na kikohozi kikirudi?"

Mtumbwi ukagusa ukingo. "Citoyennes, mushuke!" akaita mpiga kasia, maana siku zile kila mmoja aliitwa raia. Hakuna aliyeshuka. Mmoja alishika mizizi, mwingine majani, na udongo wa kaburi ulikuwa unaanguka kwenye mapaja yangu. Sikuthubutu kuukung'uta.